Anza na Kipuri: Mwongozo kwa Mhandisi Anayejitolea Kujenga Mradi wa Maji na Vyoo Kijijini

Mhandisi anayejitolea kwenda kijijini kujenga mradi wa maji kwa kawaida hufika na ramani, kifaa cha kupimia mwinuko na nia njema, na swali lake la kwanza huwa ni chanzo kiko wapi. Napendekeza swali hilo liwe la pili. La kwanza liwe hili: koki au valvu ya mradi huu ikiharibika miaka sita baada ya mimi kuondoka, kijiji kitapata wapi nyingine, kwa shilingi ngapi, na ni nani atakayepanda basi kwenda kuinunua? Mtu aliyepata jibu la swali hilo kabla ya kuchora mstari wa kwanza atachora mradi tofauti kabisa na yule aliyeanza na chanzo.

Kwa hiyo siku yako ya kwanza wilayani itumie madukani. Ingia katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya mji ulio karibu na kijiji, andika kipenyo cha mabomba yanayouzwa, aina ya koplingi (viungio vya mabomba), koki na valvu zilizopo, pamoja na bei zake. Kama duka linauza bomba la milimita 63 na hesabu yako inataka la milimita 75, jiulize kama kweli huwezi kupanga upya njia ya bomba ili la 63 litoshe. Kifaa kilicholetwa kwenye sanduku kutoka ng'ambo, hata kiwe bora namna gani, kikivunjika huwa mwisho wa huduma.

Pampu ya mkono ya Afridev, iliyofanyiwa majaribio Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, katika miaka ya 1980, ilibuniwa kwa fikra hiyo hiyo: pistoni yake huvutwa juu bila kung'oa bomba lililo kisimani, na sehemu kubwa ya matengenezo hufanywa na wanakijiji wenyewe kwa spana moja. Hiyo ndiyo sababu imeenea hivyo, ingawa kwa kisima chenye kina cha zaidi ya mita 45 hivi itakubidi utafute njia nyingine.

Barua na vibali

Mfano nitakaoutumia ni wa mradi wa maji ya mserereko, yaani yanayoteremka yenyewe bombani bila pampu, Tanzania Bara, kwa kuwa milima ya Upare, Usambara, Uluguru na nyanda za juu kusini imejaa miradi ya aina hiyo, mizuri na mibaya. Tangu Julai 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, uliotokana na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Meneja wake wa wilaya ndiye mtu wa kuonana naye kabla ya kumwahidi mwanakijiji yeyote jambo lolote. Ofisini kwake ndiko utakakojua kama kijiji hicho kimo katika mpango wa bajeti, kama kuna kisima kilichochimbwa na kuachwa bila pampu, na kama maji ya chanzo unachokitaka yaliwahi kupimwa.

Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde husika. Mabonde ni tisa, na kijiji kilicho Same, kwa mfano, huangukia Bonde la Pangani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kuzunguka chanzo, kwa hiyo kama kuna shamba la mahindi ndani ya mita hizo, jambo hilo limalizwe na serikali ya kijiji mapema, si siku ya kumwaga zege. Mhandisi mgeni naye anapaswa kusajiliwa kwa muda na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wapo wanaoona usajili huo ni usumbufu usiostahili kwa mtu anayefanya kazi bila malipo. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu tanki la zege lenye mita za ujazo 60 juu ya nyumba za watu halijui kama aliyelisanifu alilipwa.

Ardhi ya tanki, ya banio (mahali maji yanapokingwa chanzoni) na ya njia ya bomba iombwe katika mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari uandikwe na kugongwa mhuri wa mtendaji. Neno la mdomo la mzee aliyekubali bomba lipite shambani mwake halitamfunga mwanawe atakayelirithi.

Kusikiliza kabla ya kupima

Mkutano wa hadhara ni wa lazima, lakini hautoshi. Wachotaji wa maji, ambao wengi wao ni wanawake na wasichana, mara nyingi hukaa nyuma na kusema machache mbele ya wazee. Omba kikao chao peke yao, kwa saa wanayoichagua wao, na umwombe mwanamke anayeheshimika kijijini akiongoze. Hapo utasikia mambo ambayo hayamo katika ramani: kwamba kisima cha kusini hakitumiki kwa sababu maji yake hufanya maharage yasiive, kwamba njia ya kwenda mtoni inaogopwa jioni, kwamba ndoo ikichotwa kutoka koki iliyo juu mno humwagika nusu inapotwikwa.

Uliza pia kuhusu mifugo. Mhandisi akisahau mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, ng'ombe watakuja kwenye kituo cha kuchotea watu, watakanyaga mfereji wa maji machafu, na baada ya mwezi mmoja pale patakuwa tope tupu.

Kipimo cha chanzo na hesabu yake

Pima chanzo mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, kabla ya vuli kuanza. Niliwahi kupima chemchemi moja mwezi wa Mei, mara tu baada ya masika, nikafurahi na kuchora mradi mzima. Niliporudi Oktoba ilikuwa inatoa chini ya theluthi ya nilichokiandika, na mchoro wote ukaenda kapuni. Kipimo chenyewe ni rahisi: elekeza maji yote kwenye kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde, rudia mara tano na uchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 8, chanzo kinatoa lita 2.5 kwa sekunde. Usichukue yote, kuna watu, miti na viumbe huko mto unakoelekea.

Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilielekeza lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, na umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Chukua kijiji chenye watu 2,400 leo. Ukikadiria ongezeko la asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 kitakuwa na watu wapatao 4,335. Mahitaji yao ni kama lita 108,000 kwa siku. Ongeza asilimia 20 kwa uvujaji, unapata lita 130,000, yaani lita 1.5 kwa sekunde zikitiririka usiku na mchana. Shule na zahanati zihesabiwe kando. Kwa kuwa watu huchota zaidi alfajiri na jioni, tanki la kuhifadhi nusu ya mahitaji ya siku, takriban mita za ujazo 65, litafidia tofauti hiyo, na vituo vya kuchotea vitakuwa 18.

Msukumo ndio unaovunja miradi mingi ya milimani. Kila mita 10 za kimo huongeza takriban baa moja (kipimo cha msukumo) ndani ya bomba, na kimo kinachohesabiwa ni kile cha maji yakiwa yamesimama, koki zote zimefungwa usiku, si cha maji yanayotembea. Bomba la daraja la PN10, yaani la baa 10, linastahimili kimo cha mita 100. Tanki lako likiwa mita 160 juu ya kijiji, lazima uweke tanki la kupunguza msukumo katikati. Kwa upande wa pili, lita 1.5 kwa sekunde zikipita kwenye bomba la plastiki la milimita 63 hupoteza karibu mita 9 za kimo kwa kila kilomita kutokana na msuguano, kwa hiyo mstari mrefu wenye mteremko mdogo unaweza kufikisha maji kidogo mno mwishoni. Pima mwinuko kwa kifaa cha kupimia usawa au, ukikosa, kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake. Simu ya mkononi inaweza kukosea mwinuko kwa mita nyingi, na mita hizo ndizo unazozitegemea.

Mahali bomba linapopanda kilima na kushuka tena, weka valvu ya kutoa hewa kileleni na ya kutoa tope bondeni. Hewa iliyonaswa kileleni inaweza kuzuia maji kama kizibo, na wanakijiji watakwambia chanzo kimekauka wakati kimejaa.

Ubora wa maji usikisiwe kwa macho. Kuzunguka Mlima Meru, na katika sehemu za Manyara na Singida, maji maangavu kabisa yana floridi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watoto ndiyo ushahidi. Kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha kimeshughulikia uondoaji wa floridi kwa mkaa wa mifupa, na njia hiyo inafanya kazi, lakini mkaa huchoka na sharti ubadilishwe. Ukiwa na chanzo kingine kisicho na floridi, hata kiwe mbali zaidi, bomba refu lina heri kuliko chujio linalosubiri mkaa mpya.

Msaragambo na mtaro

Upareni na Usambaani kazi ya pamoja ya wanakijiji huitwa msaragambo, na penye msaragambo hai usilete kibarua wa kulipwa kuchimba mtaro ambao kijiji kiko tayari kuuchimba. Kila kaya ipimiwe kipande chake, kina kiwe mita moja, na asiyeshiriki aachiwe serikali ya kijiji, si wewe. Epuka majira ya kulima. Kabla ya kufukia, laza udongo laini usio na mawe chini na juu ya bomba, kisha jaza maji na uache msukumo wa mara moja na nusu ya ule wa kazi kwa saa kadhaa, viungo vyote vikiwa wazi. Watu watataka kufukia haraka, usikubali.

Vyoo

Choo huachwa mwisho katika miradi mingi ya kujitolea kwa sababu hakipendezi kwenye picha, na hilo ni kosa la kihandisi kabla ya kuwa la kibinadamu. Shimo likae angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, upande wa chini wa mteremko, na kitako cha shimo kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini wakati wa masika. Kwa familia ya watu sita, ukikadiria mita za ujazo 0.06 kwa mtu kwa mwaka, miaka 10 inahitaji mita za ujazo 3.6, shimo la duara lenye kipenyo cha mita 1.2 litahitaji kina cha mita 3.2, na juu yake nusu mita isiyojazwa, jumla mita 3.7. Udongo wa kichanga ujengewe kuta. Bomba la kutolea hewa lenye wavu juu, ubunifu uliotoka Zimbabwe katika miaka ya 1970, huvuta harufu na kunasa nzi, mradi ndani ya choo pawe na kiza.

Shuleni, mwongozo wa Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, pamoja na chumba cha kujisitiri chenye maji kwa ajili ya wasichana walio katika hedhi. Chumba hicho ndicho cha kwanza kufutwa fedha zikipungua. Kata kitu kingine.

Kukabidhi

Bernard Amadei, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, alikwenda kijiji cha San Pablo nchini Belize mwaka 2000, na mradi wa maji aliorudi kuujenga na wanafunzi wake uliendeshwa na nguvu ya maporomoko ya maji ya hapo hapo, bila mafuta ya kununua. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2002 ilizaliwa Engineers Without Borders ya Marekani, jumuiya ya wahandisi wanaojitolea, ambayo imekuwa ikizitaka timu zake zishikamane na jamii moja kwa angalau miaka mitano. Ukijitolea peke yako, jiwekee sharti kama hilo, hata kama miaka minne kati ya hiyo itakuwa ya simu tu.

Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wengi bado hukiita kamati ya maji, kiwe na akaunti ya benki na bei ya ndoo iliyokubaliwa kabla maji hayajatoka, kwa kuwa kuanza kutoza baada ya miezi sita ya maji ya bure ni kazi ya kugombana. Bei hiyo itokane na orodha yako ya madukani: koki ngapi kwa mwaka, valvu ngapi, nauli ya fundi, posho ya mlinzi wa chanzo.

Wiki ya mwisho usishike spana. Mwambie fundi wa kijiji afunge valvu kuu, akate bomba mahali utakapomwonyesha, aliunge upya, atoe hewa na kufungua maji, nawe ukae kivulini na daftari. Andika kila mahali anaposita, kisha mrudie kesho yake kwa hayo tu. Mchoro wa mstari mzima, na alama ya kila valvu, upakwe rangi ukutani mwa tanki, na chini yake iandikwe mahali kila kipuri kinakouzwa, kwa maandishi yanayosomeka bila kupanda ngazi.