Jinsi ya kuisimamisha tena nyumba ya zamani ya Lego

Rafiki yangu alipewa na dada yake boksi la matofali ya Lego lililokaa darini miaka mingi. Ndani yake ilikuwamo nyumba waliyokuwa wakiijenga na kuibomoa pamoja utotoni: kuta nyeupe, paa jekundu, ua mdogo wenye mti. Vipande vyake vilikuwa vimechanganyika na vya magari na vyombo vya angani, vumbi limeganda, na kuta zimegeuka manjano. Aliniomba nimsaidie kuifufua. Mwongozo huu umetokana na kazi hiyo na nyingine za aina yake nilizowahi kufanya.

Kwanza tuelewane lengo. Mtu mzima anayetaka tu nyumba nzuri ya Lego ya kupamba rafu hana shida: tangu 2007, ilipotoka seti ya jengo iitwayo Cafe Corner, kampuni imekuwa ikitoa majengo makubwa yenye vipande maelfu. Lakini anayeitamani nyumba ya 1982 haridhiki na nyumba yoyote tu. Anataka dirisha lile lile, mlango ule ule aliokuwa akiufungua kwa ncha ya kidole, na tofali lile lenye alama ya meno ya mdogo wake. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kipande cha asili kilichochakaa kinabaki, na kipande kingine kinaingia pale tu ambapo cha asili kimepotea au kimevunjika.

Hatua ya 1: Jua una nyumba gani

Tafuta namba ya seti kwenye boksi au kwenye jalada la kijitabu cha maelekezo. Nyumba za miaka ya 1980 zilizo na vile vijitu vyenye uso wa tabasamu kwa kawaida zina namba ya tarakimu nne: 6372 ya 1982 na 6374 ya 1983 ni miongoni mwa zinazotafutwa sana. Kama huna boksi wala kijitabu, usianze na matofali ya kawaida, maana hayo yamo katika kila seti. Chukua kipande cha pekee: mlango wa rangi isiyo ya kawaida, kipande chenye maandishi, uzio, kisanduku cha barua. Kitafute kwenye tovuti za BrickLink au Rebrickable zenye orodha za seti na vipande vya Lego, utaona orodha ya seti zote zilizokuwa nacho. Vipande viwili vya namna hiyo mara nyingi vinatosha kukupa jibu.

Angalia pia umri wa plastiki yenyewe. Hadi 1963 matofali ya Lego yalitengenezwa kwa selulosi asetati, kisha kampuni ikahamia ABS, plastiki inayotumika hadi leo. Matofali ya asetati hupinda kadiri yanavyozeeka: liweke tofali juu ya kioo, na kama kingo zake zimejikunja au likibanwa na jipya haliingii sawasawa, huenda ni la enzi hiyo. Yakiharibika zaidi hutoa harufu ya siki. Ukiyakuta, yatenge. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na yasiguse maji ya moto wala dawa yoyote inayotajwa hapa chini.

Hatua ya 2: Tenganisha na upange

Tumia kile kifaa cha plastiki cha kutenganishia matofali. Kisu ni marufuku, na meno pia. Mabamba membamba mawili yaliyogandana yabane kwa vifaa viwili, kimoja juu na kingine chini, yataachana.

Panga kwa umbo, si kwa rangi. Najua wengi huanza na rangi kwa sababu inapendeza macho, lakini jicho linaona kipande chekundu ndani ya lundo la maumbo yanayofanana kwa sekunde moja, ilhali kutafuta kipande kidogo chekundu ndani ya lundo jekundu tupu ni mateso. Matofali ya kawaida peke yake, mabamba peke yake, vipande vya mteremko wa paa peke yake, madirisha na milango peke yake.

Wakati huo huo kagua kila kinundu, yaani kile kitufe cha duara kilicho juu ya tofali. Tofali halisi lina neno LEGO juu ya kila kinundu. Maboksi ya zamani huwa na matofali ya kuiga yaliyochanganyika humo, na hayo ndiyo yanayoufanya ukuta usimame ukiwa umelegea.

Hatua ya 3: Osha

Maji ya vuguvugu, yasizidi nyuzi joto 40, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Loweka, koroga kwa mkono, sugua kwa mswaki laini, suuza, anika kivulini juu ya taulo huku upande wenye uwazi ukitazama chini ili maji yatoke. Vipande vyenye stika, vyenye chuma na vijitu vyenye michoro vioshe kimoja kimoja kwa mkono bila kuloweka. Mashine ya kuoshea nguo au vyombo isikaribie kazi hii.

Hatua ya 4: Kuondoa umanjano

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima na wengine hupoteza vipande, kwa hiyo nitakaa hapa.

Umanjano si uchafu. Ungekuwa uchafu ungetoka kwenye hatua ya 3. ABS ina sehemu ya mpira iitwayo butadieni, na mwanga, joto na hewa vikiishambulia kwa miaka mingi hutokea mabaki yenye rangi ya manjano kwenye uso wa plastiki. Kusugua hakusaidii, dawa ya meno hukwaruza, na dawa za klorini za kufulia nguo nyeupe hazifai. Kinachofanya kazi ni haidrojeni peroksidi ikisaidiwa na mwanga wa jua.

Kabla hujaifungua chupa, jiulize kama kweli unaihitaji. Kama matofali yote ya ukuta yamegeuka manjano kwa kiwango kimoja, mimi huyaacha. Ukuta wenye rangi moja iliyofifia unapendeza na unasema umri wake. Shida ni pale nusu ya ukuta ilipokaa upande wa dirisha na nusu nyingine kivulini, na sasa nyumba ina mabaka. Hapo ndipo ninaposafisha, na hata hapo nasafisha yale yaliyozidi tu hadi yalingane na wenzake.

Nguvu ya dawa: peroksidi ya duka la dawa ya asilimia 3 inafanya kazi, ila polepole. Ile ya saluni huuzwa kwa volyumu: volyumu 20 ni asilimia 6, volyumu 30 ni asilimia 9, volyumu 40 ni asilimia 12. Mimi hutumia asilimia 6 ya majimaji na sioni sababu ya kupanda zaidi. Krimu za saluni siziamini kwa kazi hii. Watu huzipaka na kufunika kwa plastiki, kisha krimu inakauka upande mmoja na kuacha michirizi ambayo haitoki tena. Majimaji yanagusa kipande kila upande kwa usawa.

Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Asilimia 6 ikigusa ngozi huiacha nyeupe na inawasha, na jichoni ni jambo la hatari. Watoto na wanyama wa nyumbani wawe mbali.

Sasa orodha ya visivyoingia kwenye dawa: vipande vyenye stika, vyenye michoro, vijitu, vioo vya madirisha na kila kitu kinachopitisha mwanga, magurudumu yenye ekseli ya chuma, na matofali yale ya asetati. Vioo vichomoe kwenye fremu kama vinachomoka, na kama vimegoma, fremu nzima ibaki nje. Vyekundu, vya bluu na vya njano sivitii isipokuwa nimelazimika, na nikivitia navitia peke yao na kuvitazama kila mara. Bluu hasa: ikizidishiwa hutoa ukungu mweupe usiofutika, na tofali lenye ukungu huo ni baya kuliko la manjano.

Tumia chombo kinachopitisha mwanga, kipana na cha kina kifupi, cha kioo au plastiki. Panga vipande vyenye kiwango kimoja cha umanjano pamoja. Mimina dawa hadi ifunike kabisa, kisha funika kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, ukiacha mwanya. Usikaze kifuniko kamwe. Peroksidi ikipata jua hutoa oksijeni, na chombo kilichofungwa kabisa kinaweza kupasuka.

Tatizo ambalo hakuna aliyenionya ni kuelea. Viputo vya oksijeni hujikusanya ndani ya uwazi wa tofali na kulinyanyua hadi kichwa chake kichungulie juu ya dawa. Sehemu iliyo juu hupata jua bila dawa ya kutosha, na kwenye mstari wa maji panatokea alama. Ukiacha hivyo asubuhi nzima utatoa tofali lenye rangi mbili. Kuna njia mbili za kulizuia tatizo hili. Ya kwanza, weka matofali yakiwa yametazamisha uwazi juu, ili viputo vitoke vyenyewe. Ya pili, yakandamize kwa kitu kinachopitisha mwanga, kama bakuli dogo la kioo lililojazwa maji. Bado utahitaji kukoroga na kugeuza kila nusu saa hadi saa moja. Anayekuambia weka asubuhi urudi jioni hajafanya kazi yenye matofali mengi.

Muda unategemea jua. Jua likiwa kali na dawa ni ya asilimia 6, matofali yaliyogeuka kidogo hurudi ndani ya saa chache, na yaliyogeuka sana yanaweza kuhitaji siku ya pili. Siku ya mawingu inafanya kazi pia, ila taratibu. Usiweke chombo juu ya bati au sakafu inayochoma, joto likizidi linaweza kupinda vipande vyembamba. Toa tofali moja, lisuuze, likaushe, ulilinganishe na tofali ambalo halikugeuka, kwa sababu tofali lililolowa hudanganya macho. Ukiona limekaribia, toa yote. Usisubiri weupe wa dukani. Ukishapita kiwango hakuna kurudi nyuma.

Suuza kwa maji mengi na loweka kwenye maji safi kwa muda kabla ya kuanika. Dawa iliyobaki ichanganye na maji mengi ndipo uimwage.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu hatua hii. Umanjano unaweza kurudi baada ya miaka, hata kwa seti iliyokaa gizani, kwa hiyo usiifanye kazi hii kila mara. Na kama siku moja utaiuza nyumba, mwambie mnunuzi kwamba matofali yalisafishwa kwa peroksidi. Kwa mkusanyaji hiyo ni sehemu ya historia ya seti, na ana haki ya kuijua.

Hatua ya 5: Vipande vilivyopotea

Linganisha ulivyonavyo na orodha ya seti, andika vinavyokosekana. Vipande vingi vina namba ndogo iliyochongwa upande wa ndani: 3001 ni tofali la 2 kwa 4, 3003 ni la 2 kwa 2, 3037 na 3039 ni miteremko ya paa ya nyuzi 45. Namba hiyo ndiyo ya kutafutia.

Jihadhari na kijivu. Mwaka 2004 Lego ilibadilisha rangi zake za kijivu, na mpya ina ubluu ambao ile ya zamani haina. Kipande kimoja cha kijivu kipya kwenye ngazi za nyumba ya 1983 kinaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Nunua kilichotumika cha enzi ile ile. Hata kwa rangi nyeupe napendelea kilichotumika, kwa sababu kipya kinang'aa mno na kinawaaibisha jirani zake ukutani.

Hatua ya 6: Jenga

Kama kijitabu kimepotea, vingi vya zamani vimepigwa skani na mashabiki na vinapatikana bure kwenye intaneti. Usitegemee maelekezo ya siku hizi yanayoorodhesha vipande vya kila hatua. Vijitabu vya zamani vinakupa picha tu, na kazi yako ni kulinganisha picha hii na iliyotangulia na kutafuta kilichoongezeka. Mara nyingi kinachokosewa ni bamba moja jembamba, lenye kimo cha milimita 3.2 dhidi ya 9.6 za tofali, lililojificha nyuma ya ukuta. Ukifika paani na kilele hakikutani, rudi ukalitafute bamba hilo.

Matofali yaliyoshika vibaya yaweke chini, panapobanwa na uzito wa nyumba. Yanayoshika vizuri yaende kwenye bawaba, mlangoni na kwenye kilele cha paa.

Hatua ya 7: Pa kuiweka

Mbali na dirisha, mbali na taa inayotoa joto. Vumbi litoe kwa brashi laini ya vipodozi ambayo haijawahi kuguswa na vipodozi. Vipande vilivyosalia, hata vilivyopasuka, vitie kwenye mfuko wenye zipu, andika namba ya seti juu yake, na uuhifadhi pamoja na kijitabu, kilicholazwa bapa kama hakina boksi lake.