Kukarabati kitako cha nguzo katika nyumba kongwe ya fremu ya mbao

Nyumba hizi za shambani hubebwa na fremu, si kuta. Nguzo husimama juu ya boriti ya chini iliyolazwa kwenye msingi wa mawe. Ulimi wa nguzo, yaani ncha yake iliyochongwa nyembamba, huingia katika tundu la boriti na kufungwa kwa kigingi. Udongo, fito au matofali ya katikati ni vijazio tu.

Uozo huanzia chini. Choma mbao kwa bisibisi karibu na msingi. Ikizama kirahisi, pameoza. Kipimo cha unyevu kikizidi asilimia 20, tafuta kwanza maji yanakotoka. Mara nyingi mkosaji ni lipu ya saruji: hupata ufa, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea. Ibandue, upige lipu ya chokaa.

Egemeza boriti ya juu kwa jeki, ipokee mzigo tu. Ukilazimisha kunyoosha nyumba iliyopinda kwa karne nzima, utavunja ndimi. Kata hadi kwenye mbao nzima, kisha unga kipande cha mti wa aina ileile kwa kiungo cha mshazari kirefu, walau mara 3 ya upana wa nguzo.

Kigingi kiwe kikavu, hata kama mbao mpya ni mbichi. Shimo lake kwenye ulimi lisilingane kabisa na lile la kuta za tundu: lisogezwe milimita 2 au 3 kuelekea begani, yaani pale ulimi unapoanzia. Kigingi kikipigwa, huvuta kiungo kikabana. Gundi ya nini tena?

Alama zilizochongwa mithili ya namba za Kirumi usizipige randa: mafundi walizitumia kulinganisha vipande.