Umefanya kazi ya mbao miaka mingi na umekutwa na kansa ya pua? Fidia ya WCF inaombwa hivi

Mwaka jana nilizunguka na mjomba na faili lake mpaka soli zikaisha, kwa hiyo naandika ili mwingine asizunguke vile. WCF ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni wa Tanzania Bara na ni kwa aliyeajiriwa. Fundi seremala uliejiajiri pale Keko, Dar, huu mfuko haukuhusu, na inauma maana vumbi mnavuta lilelile.

Ujue kwanza hubahatishi. Vumbi la mbao liko kwenye kundi la kwanza, yaani vilivyothibitishwa, la visababishi vya kansa vya IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, tangu 1995, na kansa inayotajwa hapo ni hii ya pua na sinasi (matundu ya ndani ya mifupa kuzunguka pua). Vumbi la ngozi la watengeneza viatu nalo limo. Mjomba alikaa kwenye msumeno wa benchi miaka 26, jioni akipenga kamasi leso inatoka rangi ya mninga, sisi tunaona kawaida tu. Shida ni kwamba ugonjwa unaweza kuja miaka 20, 30, hata 40 baada ya kuanza kazi, na hapo karakana ilishakufa.

Hatua ya kwanza hospitali. Pua imeziba upande mmoja wiki nenda wiki rudi, damu inatoka upande huohuo, jicho linaanza kuvimba, achana na vidonge vya mafua, omba rufaa kwa dokta wa masikio, pua na koo. Kazi yako itaje KABLA hajauliza. Kadi ya mjomba iliandikwa "mkulima" kisa ana shamba, kuirekebisha tu wiki tatu. Unachotaka kutoka nacho ni majibu ya kipimo cha kinyama, picha za CT scan, na ripoti inayotaja aina ya kansa pamoja na kazi uliyofanya.

Pili, ushahidi wa kazi, na hapa ndo watu wengi wanakwama. Tafuta mkataba, slipu za mshahara, kitambulisho cha kazini. Huna? Nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uombe taarifa ya michango, inaonyesha mwajiri gani alikuchangia na lini, sisi ndo ilituokoa. Halafu andika karatasi moja: mwaka gani mpaka gani, mashine gani, mbao gani, feni ya kuvuta vumbi ilikuwepo au haikuwepo, barakoa mlipewa au mlijifunga fulana. Weka na majina ya wenzako wawili watatu waliokuona kazini.

Tatu, mwajiri apeleke taarifa WCF. Mwandikie barua, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wa kwetu alituambia "hiyo sio ajali bwana", wakati sheria ya fidia ya 2008 inataja ajali NA magonjwa yatokanayo na kazi. Mchango wa WCF anatoa mwajiri, kukukata wewe mshahara hairuhusiwi. Akigoma, nenda mwenyewe ofisi ya WCF, wanapokea. Ila usilale, madai yana miezi 12.

Nne, fomu ya madai. Sehemu yako, ya mwajiri, ya dokta, na ya dokta ndo inayochelewa kwa hiyo mfuatilie. Ambatanisha namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), akaunti ya benki na vile vyote vya juu. Wanaweza kukuita upimwe tena, nenda.

Wakikubali kuna matibabu, kuna asilimia 70 ya mshahara kipindi huwezi kazi, na ulemavu wa kudumu ukiwa asilimia 30 au chini unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Mgonjwa akifariki wategemezi nao wana haki yao. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi uweke pingamizi, usiishie kulalamika getini.

Na kopi, jamani. Faili la kwanza la mjomba lilipotelea kwenye daladala ya Gongo la Mboto, bahati shangazi alikuwa na kopi ya kila karatasi chini ya godoro.