Somo: Namna ya kuitambua Gewehr 33/40 halisi kabla hujatoa pesa

Gewehr 33/40 ni bunduki fupi iliyotengenezwa Brno (leo Jamhuri ya Cheki) kati ya 1940 na 1942 kwa ajili ya vikosi vya milimani vya Ujerumani. Wajerumani walipoitwaa Brno mwaka 1939 walikuta kiwanda kinachojua kuunda karabini vz. 33 ya jandamaria ya Chekoslovakia. Wakaifanyia mabadiliko machache, wakaipa jina lao.

Uadimu wake una sababu moja kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafundi wa Marekani na Ulaya waliupenda mno mtambo wake (kiini cha chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu), mwembamba na mwepesi. Walizinunua kwa bei ya chini, wakatupa mbao na vilengeo vya kijeshi, wakaunda bunduki za kuwindia. Kwa hiyo mitambo yake bado inaonekana sokoni, lakini bunduki kamili ni chache. Unachokilipia hapa ni ukamilifu.

Hatua ya 1: Hakikisha haina risasi. Fungua bolti (chuma kinachosogea na kufunga nyuma ya mtutu), tazama chemba, tundu risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza kidole ndani ya chemba na ndani ya magazini. Fanya hivyo hata kama muuzaji amekwisha kukuonyesha.

Hatua ya 2: Pima. Mtutu una milimita 490 hivi, na bunduki nzima inakaribia mita moja. Kar98k, bunduki ya kawaida ya askari wa Ujerumani katika vita hivyo, ina mtutu wa milimita 600 na urefu wa milimita 1110. Lakini mtutu hukatwa kwa msumeno, kwa hiyo usiishie kwenye urefu. Chukua venia kalipa upime kipenyo cha pete ya mbele ya mtambo, pale mtutu unapoingia. G33/40 ina takriban milimita 33, Kar98k takriban 36. Kipimo hiki ndicho kinachowaumbua walaghai wengi, maana pete haipunguzwi bila kufuta alama zilizogongwa juu yake.

Hatua ya 3: Soma alama. Juu ya pete kuna msimbo wa kiwanda na mwaka kwa tarakimu nne: 945 kwa za 1940, na herufi "dot" kwa za 1941 na 1942. Ubavuni kushoto mwa mtambo pameandikwa G. 33/40. Alama ya ukaguzi ni tai mdogo mwenye WaA63. Itazame kwa lenzi: alama iliyogongwa kwa nyundo huinua chuma kidogo kwenye kingo, ile iliyochorwa kwa mashine ya kisasa huwa na kingo bapa na kina kisichobadilika. Ukikuta nembo ya simba wa Chekoslovakia juu ya pete, hiyo ni vz. 33 ya kabla ya Wajerumani. Nayo ina thamani, ila si hii.

Hatua ya 4: Angalia chuma kilichopunguzwa. Kirungu cha mkono wa bolti kimetobolewa ndani, na mtambo umechongwa sehemu kadhaa ili kupunguza uzito. Kilengeo cha nyuma kinaishia mita 1000, wakati cha Kar98k kinafika 2000. Kirungu kisicho na tundu maana yake bolti imebadilishwa.

Hatua ya 5: Mbao. Hapa ndipo pesa zilipo, kwa hiyo usiwe na haraka. Kitako kina bamba la chuma upande wa kushoto, la kulinda mbao mahali penye misukosuko ya milimani. Ligeuze kwenye mwanga. La asili limezama sawasawa na mbao, na rangi ya mbao pembezoni mwake imezeeka kwa pamoja. Kitako kipya huwa na pengo, au mbao safi iliyochungulia kando ya bamba. Mbao zenyewe ni za walnati au za matabaka yaliyogundishwa; matabaka yakiachana, ujue zimeloa muda mrefu. Mwenye bunduki akiridhia, legeza skrubu na utazame chini ya bamba. Unyevu hujificha humo, na kutu iliyokula mashimo haiondoki kwa mafuta.

Hatua ya 6: Linganisha namba. Namba ya mtambo, mtutu, bolti na sehemu nyingine kubwa inapaswa kuwa moja.

Ukishaipata, iache kama ilivyo. Kutu ya juujuu isugue kwa sufi ya chuma laini kabisa, namba 0000, pamoja na mafuta mepesi. Usipige msasa mbao wala kupaka chuma rangi upya. Hapo unafuta ushahidi wote tulioutafuta hatua ya 3 hadi ya 6.

MASWALI YA WANACHAMA

Nimeonyeshwa fupi yenye "dot 1943". Ni ya mwisho mwisho?
Hapana. Brno ilihamia kwenye Kar98k, na msimbo ukabaki uleule wa dot. Fupi yenye mwaka huo karibu hakika ni Kar98k iliyokatwa. Pima pete.

Bolti ina namba tofauti. Niiache?
Si lazima, ila bei ishuke sana. Na usiifyatue kabla fundi mwenye leseni hajapima kwa geji nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi. Bolti ngeni ikiacha nafasi kubwa, ganda linaweza kupasuka na gesi ikarudi usoni.

Mtambo safi kabisa, mbao mpya za kuiga. Muuzaji anasema "imerejeshwa".
Ilipe kama mtambo tu. Mbao za asili zenye bamba lake ndizo ngumu kupatikana, na wachache wanaziuza peke yake.

Kaka, mimi niko Tanga. Wazee wanasema Wajerumani walizika bunduki huku. Zinaweza kuwa hizi?
Haziwezi, ndugu. Vita vya huko viliisha Novemba 1918, bunduki hii ikaanza 1940. Askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Ujerumani, walianza vita na Jägerbüchse 71 ya milimita 11, inayotumia baruti ya moshi. Ukikuta silaha au risasi ardhini usizishike. Toa taarifa polisi.

Na kibali?
Bunduki hii inafyatua risasi za 7.92 × 57 ambazo bado zinatengenezwa, kwa hiyo uzee wake haukuondolei sheria. Tanzania inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Uingereza unahitaji cheti cha silaha, au ununue iliyolemazwa, yaani isiyoweza tena kufyatua, yenye cheti chake. Marekani ipo leseni ya shirikisho ya wakusanyaji inayohusu silaha zilizopita miaka 50, lakini soma na sheria ya jimbo lako. Kibali kitangulie, ndipo uongee bei.