Ukitafuta ukoo wako, anza na salamu

Watu wakikabidhiwa barua za babu huruka salamu, wanakimbilia habari. Mimi nilikaa kaunta ya posta hapa Dar mpaka nikastaafu, na nakwambia ukoo umo kwenye salamu. Mzee wa zamani akimaliza shida zake anaandika "nisalimie fulani na fulani", robo ukurasa, na mara nyingi wakubwa ndio wanaotangulia. Nakili majina yote kwa mpangilio huohuo. Penye bin au binti umeshampata na baba mtu. Jina likipotea kwenye barua za baadaye, ulizia: alifariki, aliolewa mbali, au waligombania shamba?

Usidanganyike na "baba" wala "ndugu". Baba huenda ni baba mdogo, ndugu akawa mtoto wa mjomba. Andika kwa penseli kwanza.

Halafu bahasha. Usibandue stempu, na nakuomba usiipeleke barua kwa vijana wa kulaminisha. Ule moto na plastiki havitoki tena. Piga picha mbele na nyuma, inatosha. Stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye Mfalme George wa Sita inakwambia barua si ya kabla ya 1937. Haikwambii zaidi ya hapo, kwa sababu watu walikaa na stempu ndani. Tarehe ya kuamini ni ya muhuri, na muhuri una mji pia. Nikiona Korogwe nawaza mkonge: huenda mzee alikuwa manamba, kibarua wa mkataba shambani.

Anwani nazo zina mitego. Mtaa wa Kichwele sasa ni Uhuru, Acacia Avenue ni Samora. Tarehe ikiwa ya Kiislamu, kama "Mfunguo Sita 1371", hiyo ni kama Desemba 1951. Barua ya herufi za Kiarabu mpelekee mwalimu wa chuo cha Kurani, ila mtu mzima aliyezoea kusoma Kiswahili kwa herufi hizo. Kujua Kiarabu peke yake hakutoshi.

Nyaraka za Taifa pale Upanga, mtaa wa Vijibweni, ziache ziwe za mwisho kuziendea, na usiende na jina la babu tu. Nenda na wilaya na jina la mtemi au jumbe wake, uulizie vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Humo wameandikwa koo na watawala. Mkulima wa kawaida ni nadra kumkuta. Kwa familia za Kikristo, kitabu cha ubatizo cha parokia kinaweza kukufaa kuliko jengo zima la serikali: utapata wazazi, na msimamizi wa ubatizo ambaye pengine naye ni ndugu.

Ukishapata majina, mwendee bibi au shangazi. Ukimwambia "nisimulie ukoo wetu" atakujibu amesahau. Muulize hivi: "Shikamoo bibi. Huyu Binti Shomari wa Kichwele, babu alikuwa anamsalimia kila barua, alikuwa nani kwake?" Washa rekoda ya simu kabla hajaanza kucheka.