Somo: Kupanga ubapa wa kisu cha kukunja ili usikwaruze ndani

"Fundi, kwa nini ubapa wa kisu changu unakwaruza ndani nikikifunga?" Mwezi huu swali hili nimelijibu hadi nimechoka, kwa ujumbe na hata kibandani kwangu Katwe, Kampala, huku tupa iko mkononi. Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nazungumzia kisu chenye springi ya mgongoni, kisicho na kufuli. Ubapa natoa kwenye tupa kuukuu, springi kwenye jani la springi ya gari. Mabamba mawili ya ndani ni shaba ya manjano ya milimita 1, vishikio ni pembe ya ng'ombe wa Ankole.

1. Pasha tupa iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu usiku kucha ilainike.

2. Kata maumbo, malizia kwa tupa.

3. Kitako cha ubapa (kile kinachobaki ndani ya mpini) na springi viwe na unene mmoja.

4. Kutoboa. Hapa ndipo visu vinapoharibika. Kisu changu cha kwanza nilikitengenezea babu, nikatoboa kwa drili ya mkono, kila bamba peke yake. Kilipofungwa, ncha ililalia upande wa kushoto ikachora mstari mweupe kwenye shaba. Nikabana ubapa kwenye vaisi niunyooshe, nao ulikwisha kupashwa moto na kuchovywa kwenye mafuta ukawa mgumu (hatua ya 6). Ukalia "ta!" vipande viwili. Kazi ya siku nne. Sikilizeni basi: tundu la kitako likiinama nyuzi 1 tu, ubapa wa milimita 60 ncha yake inahama karibu milimita 1, na nafasi yote uliyo nayo ni ndogo kuliko hiyo. Tumia drili ya kusimama. Kama huna, mlipe mwenye nayo. Bana mabamba yote mawili pamoja, yatobolewe kwa mpigo mmoja. Usinyooshe ubapa kwa nguvu baada ya kuuchovya. Usitarajie nyundo itarekebisha tundu lililopinda, haitarekebisha.

5. Unganisha kwa pini za muda bila kugonga. Kisu kikiwa wazi, kisha kikiwa kimefungwa, mgongo wa springi ulingane na kingo za mabamba. Springi ikitokeza, piga kitako tupa pale inapokalia, mara mbili tatu, kisha pima tena. Ukizidisha, springi itazama na hakuna dawa.

6. Pasha, chovya kwenye mafuta, sugua hadi chuma king'ae, kisha pasha tena polepole: ubapa hadi rangi ya majani makavu, springi hadi buluu.

7. Kata vipande viwili vya kopo la soda kwa umbo la herufi U, viweke pande zote mbili za kitako, ndipo ugonge pini kwa nyundo nyepesi. Vichomoe ukimaliza. Nafasi inayobaki inatosha.

MASWALI

— Fundi, changu kinakwaruza upande mmoja. Nifanyeje?

Hatua ya 4. Isome yote.

— Nimesoma. Lakini mimi natoboa kwa mkono miaka yote na visu vinauzika.

Kuuzika si kunyooka, ndugu yangu. Fungua kimoja, kiangalie ndani kwenye jua. Ukikuta shaba haina mstari, nitafurahi kwa dhati.

— Shikamoo fundi. Niko Jinja, najifunza. Nitajuaje mahali hasa ubapa unapogusa kabla sijagonga pini?

Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Paka uso wa ndani wa mabamba wino wa kalamu nene, uache ukauke. Funga na kufungua mara kumi, kisha tenganisha. Wino umefutika wapi? Ukifutika karibu na pini, kitako hakiko sawa; kisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Ukifutika kwenye ncha tu, angalia kwanza kama bamba limepinda, kisha tundu. Ukipata shida, tuma picha nitaitazama.

— Kwa nini springi isiwe ngumu kama ubapa?

Itavunjika. Ubapa unashika makali, springi inapinda na kurudi kila ukifungua kisu. Ndiyo maana inapelekwa hadi buluu.

— Pembe yangu inanuka na kuwa nyeusi nikiitoboa.

Inaungua. Toboa polepole, uiloweshe maji kila mara, na hakikisha keekee ni kali. Tena uiache ikauke miezi kadhaa kabla ya kuifunga kwenye kisu. Pembe mbichi husinyaa ikaacha pengo kwenye pini.

— Na pembe ya mbuzi?

Ina uwazi mkubwa ndani, sehemu yake iliyo bapa ni ndogo. Kwa kisu kifupi inafaa.