Una kisukari na fizi zinatoka damu? Anza hivi
Kama una kisukari na kila ukipiga mswaki unatema damu, usisingizie mswaki mgumu. Fizi zimevimba, na huo uvimbe haukai mdomoni peke yake, bakteria wakishajichimbia chini ya ufizi mwili unamwaga kemikali za kupambana nao kama TNF-alfa na interlukini-6, zinaingia kwenye damu afu insulini inashindwa kufanya kazi vizuri, sukari inapanda, na ikipanda fizi zinazidi kuharibika.

Kwanza kapime HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, uandike namba. Unaweza kuongeza CRP inayoonyesha uvimbe mwilini, ila sio wakati una malaria au mafua, manake itapanda tu na utadhani ni fizi. Hela ikitosha kipimo kimoja, chukua HbA1c.

Afu daktari wa meno. Mwambie mapema una kisukari na umtajie dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Mwombe apime kina cha mifuko ya fizi, yani nafasi kati ya jino na ufizi, kwa kile kichuma chenye milimita, mpaka 3 ni sawa, 4 kwenda juu na damu inatoka hapo kuna kazi. Kusafishwa juu juu hakutoshi jamani, ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, unatakiwa ukwanguliwe mpaka kwenye mizizi, kwa ganzi, mara nyingi kwa awamu. Siku hiyo usiende na njaa, kula na tumia dawa zako kama kawaida na uchukue miadi ya asubuhi, maana ganzi ikichelewa kuisha utashindwa kula na sukari inaweza kushuka vibaya.

Antibayotiki za kujinunulia dukani achana nazo, haziondoi ugaga.

Nyumbani mswaki mara 2 kwa siku, na vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno. Sigara acha kabisa.

Miezi 3 ikipita rudia HbA1c na kina cha mifuko. Uchambuzi wa 2022 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, ulikuta fizi zikitibiwa HbA1c inashuka wastani wa pointi 0.43 ndani ya miezi 3 hadi 4, yani 8.4 inakuwa karibu 8, na hiyo sio ndogo hata kidogo, ila dawa yako ya kisukari kama metformini endelea nayo. Kama mifuko bado ina kina na damu inatoka, rudi ukwanguliwe tena.